Banjo Imerudi Ukutani

Baba,

Kamwene, nakusalimu. Barua zote ulizonifundisha kuandika zilianza kwa kuuliza hali. Hii haiwezi kuanza hivyo, kwa sababu hali yako naijua. Juzi nimekung'olea magugu, nimepangusa vumbi kwenye msalaba wako mpya, nimemfukuza mbuzi wa jirani aliyekuwa anatafuna maua ya plastiki waliyokuwekea ndugu zako. Wewe umetulia. Nisiyetulia ni mimi, na sababu ni wewe.

Mama ananiambia niende kaburini niseme yaliyonijaa, nikimaliza nitapata usingizi. Nimekwenda. Lakini ulizikwa kando ya njia ya kisimani, na kila anayepita na ndoo anasimama kunisalimia na kuniuliza viazi vimetoka vipi mwaka huu. Mtu hawezi kumgombeza baba yake huku anaulizwa habari za viazi. Kwa hiyo nimekaa hapa karakanani, kwenye benchi lako la kurandia mbao, mlango nimeufunga, naandika.

Habari za nyumbani ni hizi. Mama yupo, amekonda, siku hizi anazungumza na kuku kuliko na watu. Karakana ni tupu. Randa na misumeno mwanao Elia amevipeleka Mbeya, anakouza vipuri vya pikipiki, akisema huko vitapata kazi. Benchi limebaki kwa sababu halikupita mlangoni. Mume wangu Festo amepanda viazi mpaka ukingoni mwa barabara kuu, na malori yanapopita usiku nyumba yetu inatetemeka kama zamani. Na bendi haipo. Nakuambia mapema ili usiendelee kusoma ukiwa na tamaa.

Haikuvunjika kwa ugomvi kama bendi za wenzetu. Iligawanywa, mchana kweupe, juu ya mkeka, baada ya sala.

Siku ya kuanua tanga Baba Mkubwa Lameki alikuja kutoka Madibira na koti lake la suti, akakaa kwenye kile kiti chako chenye mikono. Wewe ulikuwa ukimwogopa kaka yako, hata ukizeeka ulikuwa unamwogopa, kwa hiyo sihitaji kukueleza ukoo mzima ulivyokaa. Vitu vyako vikatolewa vikapangwa. Koti, viatu, baiskeli, jembe, redio. Nilipomwona Mama anabeba sanduku la besi na kuliweka karibu na viatu vyako, nilidhani anapisha njia. Kisha Elia akaleta gitaa. Kisha mtu akaleta banjo yako, akailaza chali kwenye mkeka, na ndipo nikaelewa.

Baba, waliigawa bendi kama wanavyogawa kuku.

Banjo ikaenda kwa Baba Mkubwa, kwa sababu yeye ndiye kichwa cha ukoo, na wote walijua kuwa kati ya vitu vyako kichwa kilikuwa banjo. Baba Mkubwa hajawahi kupiga hata filimbi. Gitaa likaenda kwa Elia, mwana wa kiume. Hapo angalau walibahatisha, maana ndiye aliyekuwa akilipiga. Sanduku la besi, lile sanduku la mbao lililokuwa likisafirishia majani ya chai, ulilolitoboa na kulifunga mti na kamba moja, likaenda kwa Shangazi Tabea kwa kuwa ndiye dada yako pekee na sanduku ni kubwa. Mama alikuwa akiivuta kamba ile tangu kabla sijazaliwa. Alikaa pale na kitambaa chake cha ujane kichwani, akatazama chini. Mjane hasemi siku hiyo.

Mimi nilisema. Walipoishika banjo yangu ndogo, ile ya kopo la mafuta uliyonitengenezea nikiwa darasa la tatu, nilisimama nikasema hii ni yangu. Baba Mkubwa hakukasirika. Ningependa angekasirika. Aliniuliza kwa upole, "Oliva mwanangu, nani aliitengeneza?" Nikasema baba. Akawageukia watu. "Mmesikia. Ya baba." Wakampa mjukuu wake, kwa kuwa ana jina lako. Huyo Zakaria mdogo hajajua hata kujipangusa kamasi. Kabla gari lao halijafika barabarani alikuwa ameivunja shingo kwa kumpigia bata.

Mimi nilipewa blanketi lako. "Wewe umeolewa, una kwako," aliniambia Baba Mkubwa. "Chukua hili, baridi ya huku unaijua."

Shaibu alikuwa amekaa mbali kidogo, karibu na banda la kuni, maana yeye si wa ukoo. Alikuwa ameikumbatia fidla yake kwa mikono yote miwili mpaka shughuli ikaisha. Nadhani aliogopa kwamba wakimaliza vitu watagawa na watu.

Namkumbuka siku ya kwanza alipoingia humu karakanani. Alitoka Iringa mjini, kwenye duka la vitambaa la baba yake, amekuja kukuagiza kabati. Akakukuta unapiga banjo badala ya kufanya kazi, kama kawaida yako. Akasimama mlangoni, akasahau kabati. Babu zake walitoka pwani na mjomba wake alikuwa amemfundisha fidla ya taarabu, ya kulia taratibu. Wewe ukamwambia, "Hiyo fidla yako inalia, huku kwetu tunakimbia." Mkapiga mpaka adhuhuri ikampita akaenda kuswali amechelewa. Kabati lile hukulimaliza mpaka unakufa.

Kila mtu alikuwa akikuuliza bendi gani hii isiyo na ngoma. Ulikuwa unafurahi kuulizwa. Unawaambia juu ya yule mmisionari uliyemtengenezea madirisha ukiwa kijana, na kaseti yake ya watu wa milimani huko Marekani, banjo na fidla na gitaa na sauti za ndugu kwa ndugu, hakuna ngoma hata moja. "Ni watu wa baridi kama sisi," unasema. "Wanapiga haraka ili vidole visigande." Ni baada ya kaseti ile ulipotengeneza banjo yako kwa sufuria ya aluminiamu ya Mama, na Mama akapika kwenye chungu mwezi mzima akikununia.

Na duara. Duara ndilo linalonirudia sana. Tulikuwa na kipaza sauti kimoja tu, basi ukatufundisha kukizunguka. Unamwaga majivu uani, unachora duara, unasimika mti katikati kuwa ndicho kipaza sauti. Mwenye zamu anaingia mbele, wengine wanarudi nyuma hatua moja. Akimaliza anatoka kushoto, mwingine anaingia kulia. Mama na sanduku lake anabaki pale pale kama jiwe la jiko. Tukigongana unatuanzisha upya. Ulikuwa na neno moja la duara hilo, ulilisema mpaka kuku walilijua: "Ukimaliza, toka. Mwenzako asikuombe nafasi."

Neno zuri. Sasa nikuulize, wewe ulilishika?

Vidole vyako vilipoanza kuvimba, sisi wanne wa duara ndio tuliojua. Hata Baba Mkubwa hakujua. Ulikuwa huwezi kufunga kifungo cha shati, lakini Madibira walikuwa wanakungoja kwenye harusi za mavuno, na Iringa walikuwa wanakungoja, na wewe hukutaka kusema kwamba umekwisha. Ukaniita hapa, kwenye benchi hili hili. Ulikuwa umeshanifundisha nyimbo zako zote, mchana wa mvua, siku ambazo mbao hazikauki. Ukaniambia, "Utasimama begani kwangu. Zamu yangu ikifika, wewe piga, mimi nitashika."

Nikapiga. Miaka yote ile ya mwisho, baba, ulipokuwa unaingia mbele ya kipaza sauti na kofia yako, vidole vyako vikitambaa juu ya nyaya bila kuzigusa, ile banjo iliyokuwa ikikimbia ilikuwa ya kopo, begani kwako, hatua moja nyuma. Watu wakapiga vigelegele. Wazee wakasema Zakaria amezidi kuwa mtamu kadiri anavyozeeka. Ukawa unainama kuwashukuru. Halafu nyumbani unanipa paja la kuku.

Sikulalamika. Nilifurahi, na hilo ndilo linaloniuma. Nilidhani unanishikia nafasi. Nilidhani siku moja, mbele za watu, utatoka kushoto kama ulivyotufundisha, utaniita jina langu, na mimi nitaingia. Kila harusi nilijiambia labda hii. Nilivaa vizuri kwa ajili ya hiyo labda.

Ukalala ukaumwa. Nikakuuliza mwenyewe, nikiwa nakukanda miguu, banjo itakuwa ya nani. Najua haikuwa adabu. Lakini nani mwingine angeuliza? Ukatazama dari, ukasema, "Msigombane. Banjo ni ya nyumba." Ukafumba macho kama mtu aliyemaliza kazi.

Ya nyumba. Unajua nyumba kwa watu wetu maana yake nini. Wewe ndiye uliyekulia humo. Nyumba ni kaka mkubwa, na baada yake mwanawe, na baada yake mtoto mwenye kamasi mwenye jina. Binti ni mgeni aliyechelewa kuondoka. Ungetaja tu jina, baba. Neno moja, Mama akiwa amesikia na Shaibu akiwa amesikia, na Baba Mkubwa angenung'unika lakini angekubali, kwa sababu watu wetu wanaogopa neno la mgonjwa kuliko polisi. Ulikuwa na pumzi ya kuniomba uji usio na sukari. Pumzi ya kusema Oliva hukuwa nayo.

Nilikwenda Madibira kuiomba. Sikukuambia kaburini, nilikuwa na aibu. Nilibeba gunia la viazi na jogoo, nikamkuta Baba Mkubwa ametoka majarubani, mpunga umeanza kuinama. Alinipokea vizuri, nikapikiwa wali mpya. Banjo yako iko sebuleni kwake, imening'inia kwenye msumari chini ya kalenda, imezungushiwa maua yale yale ya plastiki. Inang'aa. Nikasogea nikagusa ngozi, kidole kikazama. Alikuwa anaipaka mafuta ya kupikia, baba. Kila Jumamosi, kwa kitambaa safi, ili ipendeze wageni wakija. Ile ngozi ya mbuzi uliyoikausha kwa majivu na kuivuta mpaka ikawa inalia ukiipulizia tu, imelowa mafuta imelegea kama chapati ya jana.

Sikujua nicheke au nilie. Maana hakuwa na ubaya. Alikuwa anaitunza kuliko vitu vyake vyote. Nikamwambia taratibu kwamba ngozi haipakwi mafuta, akasema, "Mbona hata sisi tunajipaka?" Nikamwomba anipe, au aniazime, bendi isimame tena. Akaweka kijiko chini. "Hiki ni kichwa cha ndugu yangu," alisema. "Kichwa cha mtu hakiazimwi. Na wewe ni wa kwa watu." Akanifungia mchele wa kurudi nao. Mtu anakunyang'anya na kukufungia mchele, utamchukiaje? Nimejaribu. Nimeweza kidogo.

Elia nilimpigia simu. Alisema tuachane na mambo ya zamani, Mbeya kuna vijana wana kinanda cha umeme chenye sauti zote humo humo, ukitaka banjo unabonyeza. Nikamwuliza kama kuna kitufe cha baba. Akakata simu, halafu akapiga tena akilia, na tukalia wote wawili, lakini tulipomaliza kulia alisema tena habari za kinanda. Shaibu amerudi kwenye vitambaa. Nilimkuta Iringa anapima mita za kitenge, fidla iko kwenye rafu nyuma yake katikati ya majora. "Fidla yangu bila banjo inarudi kulia, dada Oliva," aliniambia. "Wateja wanadhani nimefiwa tena." Na sanduku la Mama, Shangazi Tabea amelifanya kiota, kuku wake anaatamia humo. Anasema vifaranga vinatoka vizuri kuliko kwenye kapu.

Hayo ndiyo yaliyobaki ya bendi yetu, Zakaria na Wanawe. Watu wananifariji kwamba nyimbo ziko kichwani, hakuna anayeweza kuzigawa. Wananiambia hivyo wakienda zao. Wimbo uliokaa kichwani bila mkono ni kama njaa tu.

Basi ikaja siku ya kuweka msalaba.

Baba Mkubwa alinipigia mwenyewe. Sauti ilikuwa ya furaha. Ukoo umeamua bendi ipige kaburini, siku nzuri kama ile haiwezi kuwa kavu. Kila aliyerithi chombo atakileta. "Na wewe utaishika ya marehemu," alisema. "Utapiga, watu wafurahi, halafu inarudi kwangu." Alisema hivyo kama mtu anayenipa zawadi, na nafikiri alidhani hivyo kweli.

Wakaja. Shangazi Tabea alileta sanduku likiwa na manyoya, akamwomba Mama asilivute kwa nguvu maana kuku ataliogopa. Elia alikuja na gitaa lako na viatu vya mjini. Shaibu alifika na basi la kwanza, na kofia yake, akasimama kaburini akaomba dua yake kimya kabla mwinjilisti hajafika. Baba Mkubwa alishuka garini na banjo imeviringishwa kwenye kitenge, ameibeba kifuani. Ilinibidi niishike juu ya makaa kwa muda mrefu ngozi ikaze, na mafuta yakawa yanatoka yananuka kama maandazi. Yeye amesimama nyuma yangu, "Usimuunguze, mwanangu. Usimuunguze."

Na kabla watu hawajakaa, nikamwona Mama anatoka jikoni na sahani ya majivu. Hakumwambia mtu. Akaenda pale mbele ya kaburi kipaza sauti cha usharika kiliposimikwa, akainama na mgongo wake ule, akachora duara.

Tulisimama kila mtu mahali pake. Mimi nikasimama mahali pangu, hatua moja nyuma ya bega ambalo halipo. Tukaanza ule wimbo wako wa kuyaaga mavuno. Elia akaingia akaimba, akatoka kushoto. Sauti yake ilikuwa nzuri, nakiri, Mbeya haijaiharibu. Shaibu akaingia kulia, fidla ikakimbia kama ulivyomfundisha, watu wakaanza kutikisa vichwa. Akamaliza, akatoka.

Ikawa zamu yako.

Sote tulirudi nyuma hatua moja. Hakuna aliyetuambia, miguu ilijua. Mbele ya kipaza sauti pakawa wazi. Elia akanitazama, akanyanyua kidevu kama zamani, piga. Nilikuwa nayo mikononi, baba, banjo yenyewe, na wimbo nilikuwa nao wote mpaka mwisho. Ningepiga nikiwa pale pale nyuma, wote wangesikia Zakaria. Wangepiga vigelegele. Baba Mkubwa angeiviringisha banjo yake na kuondoka akijua ameifanyia haki. Na mwaka kesho angenipigia tena.

Nikaweka kiganja juu ya nyaya. Nikazifunika.

Besi ya Mama iliendelea, na gitaa la Elia chini chini, likitafuta. Upepo ukaingia kwenye kipaza sauti ukavuma. Duara lina majivu, katikati hakuna mtu. Zamu yako ni ndefu, unajua ni ndefu, ulikuwa unapenda kuirefusha. Nilisimama nayo yote. Shaibu alishusha fidla akafumba macho. Nilitaka wasikie. Nilitaka mtu mmoja tu kati ya wale waliokaa kwenye viti aulize, mbona kimya, nani alikuwa akipiga hapa?

Zamu ikaisha, Elia akaimba ubeti wa mwisho, tukafunga.

Baba Mkubwa alikuwa wa kwanza kusimama. Machozi yanamtoka. "Mmeisikia?" akawaambia watu. "Mmeisikia banjo ya Zakaria? Haijafa hiyo! Iko kwangu!" Wakapiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele, mwinjilisti mwenyewe akapiga makofi. Waliisikia, baba. Banjo ambayo haikulia waliisikia mpaka mwisho na ikawapendeza. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Labda changu hakikuwa kingi vya kutosha.

Jioni magari yakaondoka. Banjo imerudi ukutani Madibira, sanduku limerudi kwa kuku, Elia amerudi Mbeya. Mimi na Mama tukabaki tunaosha masufuria. Nilijua alikuwa na neno, maana aliosha sufuria moja mara mbili. Mwisho akasema bila kunitazama, "Umemwacha baba yako amesimama peke yake pale mbele."

Nikamjibu, "Hakuwa peke yake, Mama. Nilikuwa nyuma yake. Pale pale aliponiweka."

Nilidhani atanikemea. Aliendelea kusugua. Halafu akasema, kwa sauti ile anayomsemea kuku aliyeng'ang'ania kiotani bila yai, "Basi toka huko nyuma. Aliyekuweka tumemwekea msalaba leo."

Ndicho kilichonileta kwenye benchi hili. Mwenye kovu usidhani kapoa, na mimi sijapoa, sitakudanganya. Bado nikisikia watu wanakusifu njiani nageuza uso. Nakupenda na nimekukasirikia, na vyote viwili vinakula chakula kimoja. Blanketi lako najifunika, maana baridi haina kinyongo.

Lakini kuna sufuria ya aluminiamu nyingine jikoni kwa Mama. Amenipa mwenyewe safari hii, hakununa. Shingo nimeanza kuichonga kwa kisu, kwa kuwa randa iko Mbeya, na imepinda kidogo, ungecheka. Nyaya za breki Festo ameniletea. Jirani nimemwambia siku akimchinja yule mbuzi anayekula maua yako, ngozi ni yangu. Shaibu ameahidi kumletea Mama kreti la mbao kutoka dukani, si zuri kama sanduku la chai, lakini halijalaliwa na kuku. Elia nimemwambia aje na gitaa, kinanda akiache. Hajajibu. Akija, nafasi yake ipo.

Mpunga ukivunwa kuna harusi Madibira, wametualika. Baba Mkubwa atakuwa viti vya mbele. Atakuja na koti lake, na atangoja zamu yako, na mimi ninakuahidi, baba, hatakusikia. Atanisikia mimi, na uso wangu atauona pale mbele ya kipaza sauti. Na mwanangu nikimfundisha nitamsimamisha mbele tangu siku ya kwanza, na jina lake nitalitaja mbele za watu nikiwa mzima, nina meno yangu yote.

Lala, baba. Magugu nitaendelea kukung'olea, hiyo kazi sitamwachia mtu. Ila ile nafasi mbele ya kipaza sauti umekaa nayo sana, ukiwa hai na ukiwa umekufa. Neno ni lako mwenyewe, nakurudishia. Umemaliza. Toka. Sitakuomba.

Mwanao,
Oliva